Nimeiona Vuta N'kuvute kwa mia tano, Mikindani

Wiki nzima kaka mwenye banda la kuonesha muvi alikuwa amebandika karatasi mlangoni: "Jumapili saa 1 usiku, VUTA N'KUVUTE, sauti yake mwenyewe." Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yaliyonitoa nyumbani. Wanaokwenda vibanda umiza wananielewa. Muvi nyingi huwekwa na DJ anayetafsiri juu yake, kiasi kwamba steringi akinong'ona, unayemsikia ni DJ. The Woman King niliiona hivyo hapohapo nikatoka na hasira, maana sauti ya Viola Davis ni nusu ya kazi yake.

Kiingilio ni 500. Mabenchi hayana egemeo, projekta imekaa juu ya kreti la soda, feni ni moja, na spika ya kushoto inakoroma besi ikipanda. Siku za mpira vijana hujaa mpaka mlangoni, mwanamke huwezi kukaa kwa raha, kwa hiyo nilikwenda na mama mdogo. Tukakuta wanawake kama kumi hivi. Kaka akatupisha benchi la mbele: "Dada, kaa hapa na mama."

Riwaya ya Adam Shafi niliisoma kidato cha sita, nikakariri wahusika na dhamira kwa ajili ya mtihani. Yasmin mwenyewe nimemwona Jumapili ile. Ni Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza, na huyu ni binti wa Kihindi aliyeozwa mume asiyemtaka. Mama mdogo alikuwa anabangua korosho za kuchoma, kazitandaza kwenye kanga mapajani. Yasmin alipoamua kuikimbia ndoa ile, mikono ya mama mdogo ikasimama, vidole vyeusi kwa masizi. Akasema taratibu, "Nenda mwanangu." Banda zima lilikuwa kimya, hata wale vijana wa nyuma. Siti Amina, ambaye ni mwimbaji hasa, kamcheza Mwajuma, rafiki yake Yasmin, vizuri mno. Ningependa Denge, yule mpigania uhuru, na siasa zake wapewe nafasi zaidi, kwa sababu kitabuni ndiko moto uliko, lakini mwongozaji Amil Shivji kaamua kwenda polepole, kwa rangi na kwa nyuso, na mimi nimemfuata mpaka mwisho.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Filamu hii ilioneshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kwenye tuzo za Oscar, kundi la filamu za kimataifa. Ilikuwa mara yetu ya pili tu, baada ya Maangamizi ya mwaka 2001. Desemba 2022 yakatangazwa majina 15 yaliyopita mchujo wa kwanza, haikuwemo. Bara zima liliwakilishwa na The Blue Caftan ya Morocco, nayo ikaishia hapo. Mwaka huohuo The Woman King haikuteuliwa kuwania Oscar hata moja. Najua zilishindana filamu zaidi ya 90. Najua pia kwamba wapiga kura hawapigii filamu ambayo hawajaiona, na kuwafanya waione kunataka kampeni yenye fedha. Lionheart ya Nigeria, mwaka 2019, ilienguliwa kwenye kundi hili la filamu zisizo za Kiingereza kwa sababu ni dakika 11 hivi tu kati ya 95 zilizokuwa za Kiigbo, mengine Kiingereza. Sisi tulipeleka Kiswahili, na mwanamke wa Mikindani amekisikia akasahau korosho zake. Kwangu mimi ilistahili kuwemo kwenye zile 15, na sibadili neno.

Lawama yangu kwa banda ni moja: majina ya mwisho yalipoanza kupanda, kaka alizima ili aweke mpira. Nilimwendea nikamwambia wale ni wasanii wetu, awaache wapande mpaka mwisho. Akaomba radhi, akaniuliza aweke nini Jumapili nyingine. Nimemtajia Maangamizi. Hana, na mimi sijawahi kuiona. Anayejua inakouzwa anielekeze, gharama nitatoa mimi.