Kihisi cha Mtiririko wa Mafuta kwenye Cessna 182: Uzoefu Wangu kutoka Tabora

Kwa rubani anayeruka kati ya Tabora na Kigoma kwa ndege ndogo ya injini moja, swali la kufunga au kutofunga kihisi cha mtiririko wa mafuta, yaani kifaa kinachopima mafuta yanayopita kwenda kwenye injini, haliishii kwenye bei ya kifaa. Ndege ninayoirusha ni Cessna 182P yenye injini ya Continental O-470, ambayo hutumia kabureta na kupokea mafuta yanayoshuka yenyewe kutoka kwenye mabawa bila pampu. Matangi yake ya kawaida yana galoni 56 za Marekani zinazoweza kutumika, yaani takriban lita 212, na kwa kuwa avgas, yaani petroli ya ndege, hutufikia kwa mapipa, ninapokwenda Kigoma ninapanga kurudi kwa mafuta niliyoondoka nayo.

Umbali wa angani ni karibu kilomita 350 kwa upande mmoja. Kwa mwendo wa noti 130, yaani karibu kilomita 240 kwa saa, safari ya kwenda na kurudi inachukua karibu saa tatu, kabla ya kuhesabu upepo, ambao wakati wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki na hivyo humsukuma rubani anapokwenda na kumzuia anaporudi. Majedwali ya mwongozo wa ndege hutoa matumizi ya kati ya galoni 12 na 14 kwa saa kulingana na nguvu ya injini na kimo. Kwa galoni 12 nitarudi Tabora nikiwa na takriban lita 80, na kwa galoni 14 nitarudi na lita 58 hivi. Ukiondoa akiba ya dakika 45, katika hali ya pili zinabaki lita kama 20 tu, na hapo bado sijatoa mafuta ya ziada ya kupanda mara mbili. Lita hizo ndizo zinazopaswa kulipia upepo, moshi wa mapori ya miombo yanayochomwa kiangazi, na uamuzi wowote wa kugeuza nikiwa nimeshaipita Kaliua, iliyo njiani. Tofauti ya galoni mbili kwa saa, ambayo kwa mtu anayezunguka juu ya uwanja wake haina uzito, kwetu ndiyo safari yenyewe.

Geji za matangi sizitegemei kwa hesabu ya namna hii, kwani hucheza ndege inapoyumba. Kijiti cha kupimia ninakiamini zaidi, lakini kinatumika ndege ikiwa chini, na tena ndege za umri huu zina mifuko ya mpira ndani ya bawa, ambayo ikijikunja huweza kukipa kijiti kina kisicholingana na lita halisi. Nilichokosa kilikuwa kipimo cha kile ambacho injini yangu, kwa namna ninavyoiendesha, inakunywa kweli.

Nilichagua FT-60 ya Electronics International, ile ambayo wengi huiita Red Cube kwa sababu ya umbo lake na rangi yake nyekundu. Ndani yake kuna gurudumu dogo linalozungushwa na mafuta yanapopita, na kila mzunguko hutoa mipigo ya umeme ambayo kifaa cha kwenye dashibodi huihesabu. Idadi ya mipigo kwa kila galoni huitwa kigezo cha K, na kwa kihisi hiki ni karibu 68,000. Gurudumu likikwama, mafuta yanaendelea kupita. Hilo lilikuwa swali langu la kwanza, na nadhani linapaswa kuwa la kwanza kwa kila mmiliki.

Ufungaji ndio uliochukua fedha na muda mwingi kuliko kifaa chenyewe. Fundi wa kwanza niliyezungumza naye alitaka kukiweka mara tu baada ya kiungo kilichopinda, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Nilikataa, kwa sababu mafuta yanayotoka kwenye kona huingia kwenye gurudumu yakiwa yanazungukazunguka, na namba zinazotoka hapo huweza kupotoka. Injinia aliyefanya kazi hatimaye alikiweka kati ya kikombe cha chujio na kabureta, mahali penye bomba lililonyooka pande zote mbili, nyaya zikiangalia juu ili mapovu ya hewa yasitulie ndani, na mipira yote ya kupitishia mafuta ikavishwa ala ya kuzuia moto. Kisha akasema, “Kapteni, kabla hatujawasha injini, tupime kwanza kama mafuta yanashuka ya kutosha.” Kwa mfumo wa kushuka wenyewe kama huu, kanuni za Marekani ambazo ndege hizi zilitengenezwa chini yake hudai bomba liweze kutoa asilimia 150 ya matumizi ya injini wakati wa kupaa, na kitu chochote kinachoongezwa njiani hupunguza mtiririko. Alichomoa mpira kwenye kabureta, akakinga ndoo yenye vipimo, akashika saa. Mtu asiyekuwa tayari kulipia kipimo hicho pamoja na hati ya kuruhusu mabadiliko hayo, basi kihisi nacho akiache.

Usawazishaji wa namba za kihisi na matumizi halisi hauna ujanja, unataka subira tu. Ninajaza ndege ikiwa mahali palepale pa sakafu tambarare, hadi alama ileile ya mdomo wa tangi, na swichi ya matangi ninaiweka upande mmoja ili mafuta yasihamie bawa la pili ninapojaza. Baada ya hapo ninalinganisha lita zilizoingia na lita ambazo kifaa kinasema zilitumika. Kikionyesha lita 105 huku matangi yamepokea 100, kigezo cha K kinapandishwa kwa asilimia 5, yaani kutoka 68,000 hadi 71,400. Kioo cha kifaa nimekiweka kisome lita, kwa sababu pipa langu na pampu yangu ya mkono havijui galoni.

Kilichojitokeza ni kwamba katika safari ya kawaida injini yangu hutumia karibu lita 47 kwa saa, yaani galoni 12 na nusu hivi, na wakati wa kupanda hufikia karibu galoni 18. Faida nyingine ni katika kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa unaoingia kwenye injini. Kipimo cha joto la moshi wa injini huniambia niko upande gani wa kilele cha joto hilo, ilhali kihisi huniambia kila robo ya mzunguko wa kitasa cha mchanganyiko inanigharimu lita ngapi. Kasoro ninayoiona ni kwamba namba huruka ndege inapotembea chini, hasa mchana wa joto, kwa sababu mtiririko ni mdogo na sindano ya kabureta hufungua na kufunga. Angani hutulia.

Lakini kifaa hiki hakijui kilichomo tangini. Kinajua ulichokiambia wakati wa kujaza, kisha kinatoa kilichopita. Kifuniko cha tangi kilichochakaa huruhusu mafuta yavutwe nje juu ya bawa, na kihisi, kwa kuwa kiko mbali chini ya njia, kitaendelea kuonyesha kwamba unayo. Kwa hiyo kijiti sijakitupa, na raba za vifuniko nilizibadilisha kabla ya kununua kihisi.

Rafiki yangu wa Kigoma mwenye Cessna 206 ameniuliza kama afuate njia hii. Kwake jibu ni jingine kidogo. Injini yake ya Continental hupuliziwa mafuta kwa nozeli, na sehemu ya mafuta yanayofika kwenye pampu hurudi tangini, hivyo kihisi kikifungwa mahali kama pangu kitahesabu hata yasiyochomwa. Kinatakiwa kukaa baada ya kifaa kinachoipimia injini mafuta yake na kabla ya kigawanyio kilicho juu ya injini, kinachoyagawa kwenye nozeli. Pia geji ya mtiririko aliyonayo tangu kiwandani hupima shinikizo, kiasi kwamba nozeli ikiziba, sindano ya geji hupanda ilhali mafuta yanayopita yamepungua. Nimemwambia kwamba yeye ana sababu kubwa kuliko yangu ya kufunga, ila asimruhusu fundi yeyote kukata bomba kabla ya kumwonyesha kwenye mchoro mahali ambapo kihisi kitakaa.