Kuchanganya RAM za kasi tofauti: ipi ya kununua kwanza, ipi ya mwisho

RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imejaa, ubao mama una nafasi moja wazi, na kipande kilichomo ni cha kasi 2666. Ukikiongezea cha 3200 vitaelewana? Kwa kawaida, ndiyo. Kila kipande kina chipu ndogo inayotaja uwezo wake. Kompyuta inapowaka, ubao mama husoma taarifa hizo, kisha huviendesha vyote kwa mwendo wa kile cha polepole. Hapo vyote viwili vitakwenda 2666. Hakiungui kitu, ila ile kasi ya ziada uliyoilipia inalala.

Kwa hiyo ninavyopanga mimi, namba moja ni seti ya vipande viwili vilivyopimwa pamoja kiwandani, na cha zamani unakiuza. Hasa kama unatumia DDR5, kizazi cha RAM kilichofuata DDR4, au unataka kuwasha XMP au EXPO, mipangilio ya kupandisha kasi ya RAM, ili ufikie kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Hapo vipande vya kuokoteza ndipo vinapoanza kusumbua.

Namba mbili, na ndiyo ninayowashauri watu wengi, ni kununua mwenzake wa kile ulicho nacho. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, toa kipande usome lebo yake. Ukikuta "8GB 1Rx8 PC4-2666V", hiyo ni DDR4 ya gigabaiti 8, kasi 2666, na 1Rx8 inaeleza jinsi chipu zilivyopangwa. Lebo nyingine huandika PC4-25600. Usidhani hiyo ndiyo kasi. Gawanya kwa 8 upate 3200. Tazama pia CL (muda RAM inaochukua kujibu) na volti, maana DDR4 ya kawaida hutumia volti 1.2 lakini za kasi kubwa huenda 1.35. Piga picha lebo hiyo, uende nayo dukani.

Ukikosa mwenzake, chukua chenye ukubwa uleule na kasi ya juu zaidi. Kitashuka kumfuata mwenzake bila shida. Ila usilipe zaidi kwa ajili ya kasi hiyo, hata kama unapanga kubadilisha cha zamani baadaye, kabla hujajua kikomo cha prosesa yako: Core i5-8400, kwa mfano, rasmi inaishia 2666.

Chini yake naweka ukubwa tofauti, kama 8GB na 4GB. Ubao mama nyingi huunganisha 4 na 4 zifanye kazi kwa chaneli mbili, yaani njia mbili za data kwa pamoja, na 4 zinazobaki zinakwenda kwa chaneli moja. Inafaa tu.

Mwisho ni kipande cha polepole kuliko ulicho nacho, kwa sababu kitakivuta kile kizuri chini. Hata hivyo sikikatai. Kompyuta yenye 16GB za kasi 2400 ni bora kabisa kuliko yenye 8GB za 3200 zilizojaa, maana RAM ikijaa kompyuta huanza kuhamishia data kwenye diski, na hapo hata kubadili dirisha unasubiri.

Vya kuviacha kabisa ni viwili. Kizazi tofauti hakiingii: DDR4 na DDR5 za kompyuta ya mezani zote zina pini 288, lakini pengo la katikati halipo mahali pamoja, kwa hiyo usilazimishe. Mtego mbaya zaidi ni RAM ya seva, ile yenye R baada ya kasi, kama PC4-2400T-R. Huuzwa bei ya chini, inaingia vizuri kabisa kwenye nafasi ya DDR4, halafu kompyuta ya kawaida haiwaki.

Ukishapachika, ingia BIOS, menyu ya mipangilio ya ubao mama, uone kasi iliyochaguliwa, kisha iache MemTest86, programu ya kupima RAM, ikimbie usiku kucha. Ikitoa kosa hata moja, zima XMP au shusha kasi hatua moja, upime tena. Kosa likibaki, pima kila kipande peke yake kabla muda wa kurudisha dukani haujapita.