Runrig ya Munro au Runrig ya Guthro?

Runrig, bendi ya roki iliyoimba kwa Kigaeli na Kiingereza, ilianza mwaka 1973 kisiwani Skye, Uskoti, ikastaafu 2018. Anayeisikia leo kwa mara ya kwanza aanze na mwimbaji yupi, Donnie Munro au Bruce Guthro aliyemrithi? Mimi namwelekeza kwa Donnie Munro bila kusita.

Munro ni mwana wa Skye, na Kigaeli, lugha ya asili ya kisiwa hicho, kinywani mwake kina uzito wa nyumbani. Albamu ya kwanza, Play Gaelic ya 1978, ilikuwa ya Kigaeli kitupu, tena wakati lugha hiyo ikizidi kupoteza wasemaji. Baadaye magitaa ya umeme na ngoma za roki zilishika nafasi kubwa, Kiingereza kikaongezeka, lakini Kigaeli hakikutupwa. Mwaka 1995 An Ubhal as Àirde uliingia ishirini bora za Uingereza, wimbo wa kwanza wa Kigaeli cha Uskoti kufika huko. Bendi nyingi zikishaonja soko kubwa huiacha lugha ya mama. Hawa waliibeba hadi sokoni. Ndiyo maana nawapenda.

Munro aliondoka 1997, akagombea ubunge kwa chama cha Labour, akashindwa. Mwaka uliofuata akaja Bruce Guthro, Mkanada wa Cape Breton, kisiwa kilichopokea Wagaeli wengi waliohama Uskoti. Sauti yake ilikuwa laini zaidi, ya msimulizi. Wanaosema bendi ilikufa Munro alipotoka wanakosea: Calum na Rory Macdonald, ndugu waliotunga nyimbo nyingi, walibaki, na mashabiki wa Denmark na Ujerumani waliendelea kujaza kumbi. Kwa Guthro, sikiliza tamasha la kuaga la Stirling, Agosti 2018.