Jezi za mtumba za madaraja ya chini Uingereza, soko la Mwanjelwa

Pale Mwanjelwa, Mbeya, muuzaji hupandisha bei kwa jina la timu. Manchester United iliyopauka utatajiwa juu, huku jezi ya League Two, yaani daraja la nne Uingereza, ambayo haina hata uzi uliochomoka imelala chini ya fungu. Ukitaka jezi ya kuchezea, beba hiyo ya chini.

Angalia mkono kwanza. Nembo ya EFL (ligi inayosimamia madaraja matatu yaliyo chini ya Premier League), duara la vimpira 72 katika mafungu matatu ya 24, ilianza msimu wa 2016/17, basi jezi yenye nembo hiyo si ya kabla ya hapo. Vimpira hivyo ni timu za Championship, League One na League Two.

Mgongoni utakuta jina usilolijua. Ndivyo kulivyo huko chini: mikataba mingi ni ya mwaka mmoja au miwili, na msimu ukiisha klabu hutangaza nani anabaki na nani anaachwa. Namba ya 30 kwenda juu mara nyingi ni ya kijana wa akademi. Ukikutana na jezi ya Bury, itunze; klabu hiyo iliyotwaa Kombe la FA mwaka 1900 na 1903 ilifukuzwa kwenye ligi Agosti 2019, msimu umeshaanza, wachezaji wakabaki bila timu. Ila usimwamini muuzaji anayesema “hii kaivaa mchezaji mwenyewe”. Mashabiki hulipia kuandikiwa hata majina yao. Tafuta jina hilo kwenye kikosi cha msimu huo.

Kasoro kubwa ni maandishi kubanduka, na chanzo huwa maji ya moto au pasi iliyogusa maandishi moja kwa moja. Kama gundi bado ipo, yanarudi: tandaza jezi kwenye meza ngumu, funika kwa kitambaa chembamba cha pamba, gandamiza pasi ya moto wa wastani sekunde 10 hadi 15 bila kuburuta, acha ipoe ndipo ufunue. Pasi ya mkaa hapana, joto lake halipimiki na poliesta huyeyuka. Kufua: geuza ndani nje, maji baridi, anika kivulini.

Saizi ya YXL ni ya watoto, usidanganywe na hiyo XL. Na kwa baridi ya Juni chukua inayopwaya kidogo, uvalie fulana ndani.

Kwa timu nzima, mtumba haufai: kupata 11 zinazofanana kwenye belo moja ni bahati nasibu.