Nilivyoshuka kutoka rimu ya 16 hadi 15 kwenye Nissan Leaf yangu, Malindi

Leaf yangu, gari ya umeme, ni ile ya betri ya kilowati-saa 24, ilitoka Japani na rimu za aloi za inchi 16, tairi 205/55 (upana milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 55 ya upana huo). Kwenye lami, raha tupu. Balaa ni kile kichochoro cha kuingilia kwangu, nyuma ya Casuarina: mvua za masika zikipita, mawe ya matumbawe yanabaki wazi yamechongoka. Mwaka wa kwanza nilichana tairi mbili, zote ubavuni, pahali ambapo fundi wa pancha hana la kukusaidia. Na Leaf haiji na spea. Unafungua buti unakuta kichupa cha gundi na pampu ndogo. Kwa tundu la msumari, sawa. Kwa ubavu uliochanika, ni kujipaka gundi tu.

Nikaamua kushuka hadi inchi 15, tairi 195/65. Kimo cha gurudumu zima ni kama kile kile, milimita 632 kwa 634, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Kinachoongezeka ni ubavu wa mpira, milimita 14 hivi. Tena saizi hii ndiyo ya Toyota Noah na Nissan Serena, haikosekani dukani.

Rimu ndizo zilizonitoa jasho. Muuzaji mmoja wa mitumba alinipa za Toyota, akaapa zitaingia. Matundu matano ya boliti kweli yanalingana, 5 kwa 114.3, yaani yamepangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3. Fundi akaipandisha ya kwanza, ikagoma. Akaizungusha, akajaribu tena, ikagoma. "Mama, hii haikai," akasema, akipitisha kidole kwenye tundu la katikati. La Toyota lina milimita 60.1, Nissan inataka 66.1. Hata nati hazifanani uzi, ukilazimisha unaharibu boliti. Pesa zangu nilirudishiwa nusu, tena kwa mbinde.

Mwisho nikapata za chuma zilizotoka kwenye Serena, Sh3,000 moja. Nilichukua tano. Ya tano inalala butini na jeki yake, imekula nafasi ya mizigo, lakini nalala usingizi.

Tairi nilinunua mpya, zenye alama ya uzito 91, yaani kila moja inabeba hadi kilo 615. Usishuke chini ya namba ya zile za kiwandani: gari ni ndogo kwa macho, ila na betri yake inakaribia tani moja na nusu. Angalia pia tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Niliyoonyeshwa kwanza ilikuwa imekaa dukani miaka mitano, inang'aa!

Miezi minane sasa, pancha moja tu, ya msumari. Mashimoni gari imetulia. Kwenye kona usukani umekuwa mlegevu kidogo, na nikienda Kilifi, nilikokuwa nikifika na asilimia 41 ya chaji, sasa nafika na 37, upepo wa tairi ukiwa ule ule wa psi 36. Nimekubali.

Rimu hizi nazipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na chumvi ya bahari: rimu zimeanza kutu kuzunguka nati, na kifuniko kimoja cha plastiki kimeshabaki Gede.