Kamera ya kuzuum au jicho la mji mzima?

Droni za kijeshi za Marekani kama Predator na Reaper zina kamera ya kuzuum, opareta analenga gari moja programu inalifuata yenyewe fremu kwa fremu, picha kali na usiku kuna infraredi, yaani kamera inayoona joto. Shida unachungulia kwa tundu la ufunguo, wakishuka watu wawili kila mtu akashika njia yake basi mmoja ushampoteza.

ARGUS-IS, mfumo wa kamera ya angani wa DARPA (shirika la utafiti la jeshi la Marekani), ni kitu kingine kabisa, vihisi 368 vidogo kama vya kamera za simu vimeunganishwa vikatoa picha moja ya pikseli bilioni 1.8, inarekodi kila kinachotembea huko chini na unaweza kurudisha video nyuma uone gari lilitokea nyumba gani, hapo ndo utamu wake. Ila mtu anaonekana kidoti tu, sura huipati ng'o, gari likipita chini ya daraja programu inaweza kulichanganya na lingine, alafu data yake mzigo balaa.

Kusaka mtandao wa watu ningechukua ya pili. Kujua kashika bunduki au jembe, ya kwanza, na hata hapo bado kuna kukosea.