Spea za Morris Minor: uagize Uingereza ama uchongeshe hapa Mombasa?
Mi nina Morris Minor 1000, ile ya injini ya cc 1098, na kila siku naulizwa hivi. Gari zilitengenezwa 1948 hadi 1971 lakini spea mpya Uingereza mpaka leo zapatikana, bei yenyewe si mbaya, usafiri na ushuru ndio unakumaliza, halafu ungoje. Hapa fundi wa jua kali atakuchongea bushi, rejeta ya shaba aipige lehemu jioni hiyo hiyo, egzosi pia, na kwa hii chumvi ya bahari yetu egzosi na sakafu zaoza kila mara sasa utaagiza mara ngapi?

Lakini breki jamani! Raba za silinda za breki agiza seti mpya, usikubali za kukadiria, mimi niliwekewa hizo nikakosa breki nateremka feri Likoni, wallahi sitasahau.

Na vyovyote utakavyochagua nunua spana za inchi, ya milimita 13 kwenye nati ya nusu inchi (milimita 12.7) yaingia vizuri tu ila yacheza, mwisho inakula pembe za nati na hapo ndio unaanza kutafuta patasi.